Mahali pa Kufikia Makka: Somo Kutoka Ukingo wa Newala

Mgeni anayefika Newala kwa mara ya kwanza hupelekwa na wenyeji wake mahali paitwapo Shimo la Mungu. Hapo uwanda wa juu wa Makonde hukatika ghafla, na mbele ya macho hufunguka bonde kubwa linaloteremka kuelekea mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Mgeni huvitazama vijia vyekundu vinavyojipinda kwenda chini, huiona miti ya bondeni kana kwamba angeweza kuigusa kwa fimbo, kisha husema: "Kumbe ni hapo tu!" Wenyeji hucheka kimyakimya. Wao wanajua kwamba kuteremka ni jambo moja, na kupanda na ndoo kichwani ni jambo jingine.

Mama yangu ni miongoni mwa wanaojua. Alizaliwa katika kijiji kimoja cha uwandani, na tangu akiwa binti mdogo alikuwa akiondoka na wanawake wenzake kabla ya alfajiri kwenda kuteka maji bondeni, wakirejea jua likiwa limekwisha kupanda. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1950 ulijengwa mradi wa kusukuma maji kutoka Mitema kuyapandisha uwandani. Lakini bomba halikufika kila kijiji, na lilipofika halikutoa maji kila siku.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini watu wajenge mbali na maji? Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906, alishangazwa na jambo hilohilo, naye akayaandika masimulizi aliyopewa na Wamakonde: kwamba wahenga wao waliwausia wasikae karibu na mabonde makubwa wala maji mengi, kwa kuwa huko ndiko yaliko maradhi na mauti. Tena zama zile zilikuwa za hatari. Mwaka 1882 Wangoni waliivamia Masasi, iliyoko chini ya uwanda, wakaua na kuteka watu. Aliyekuwa juu, ndani ya vichaka vizito vya Makonde, alilala salama zaidi. Wazee wetu basi hawakukosea hesabu. Walichagua afya na amani, na bei waliyolipa ilikuwa safari ya maji. Waliijua bei hiyo kabla ya kujenga, wakaikubali.

Nimeanza na habari hizi kwa sababu nilipokwenda kumchagulia mama yangu mahali pa kufikia katika mji mkubwa wa ugenini, mimi niliyezaliwa juu ya uwanda huo huo nilisahau kuuliza swali ambalo wahenga wetu waliuliza: je, kile tunachokihitaji kiko umbali gani, na nani atakayeutembea umbali huo?

Mimi ni mwalimu, na makazi yangu ni Masasi, chini ya yale majabali makubwa ambayo kila apitaye mjini kwetu huyatazama. Kaka yangu yuko Newala pamoja na Mama, analima korosho. Msimu wa 2024 ulikuwa wa neema. Katika minada ya mwanzo bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na malipo yalipoingia kupitia chama cha msingi, kaka yangu alipanda gari akaja Masasi, akaketi barazani kwangu na kusema: "Dada, mwaka huu tumpeleke Mama." Nami nilikuwa nimeweka akiba kidogo kutoka mshahara wangu. Tukaafikiana twende Umra, sisi watatu, katika mwezi wa Rajabu 1446, ulioangukia Januari 2025, wakati hali ya hewa ya Makka ni ya upole. Tukatenga pia fungu la kununua mabati mapya na tenki kubwa la kuvunia maji ya mvua nyumbani kwa Mama, maana fedha ya korosho isipopangiwa kazi mapema huyeyuka kama umande.

Kazi ya kutafuta wakala na malazi nilipewa mimi, kwa kuwa ndiye mwenye simu nzuri na ndiye, kama alivyosema kaka, "msomi wa nyumba hii". Wakala mmoja alinitumia bei mbili. Ya kwanza ilikuwa ya hoteli iliyo jirani na Msikiti Mtukufu. Ya pili ilikuwa nafuu kwa kiasi kikubwa, na aliieleza kwa maneno haya: "Dakika kumi tu kwa mguu, na saa ya Haram mtaiona kutoka dirishani." Akanitumia picha: vitanda vyeupe, zulia, na kweli, dirishani ule mnara wa saa uking'aa usiku. Nikaichagua ya pili bila kuuliza swali lolote. Nilijihisi mwerevu, kwa kuwa fedha iliyobaki ingetosha kununua zawadi za jamaa wa Masasi na Newala.

Ndugu msomaji, mnara ule una urefu wa mita 601. Ni miongoni mwa majengo marefu kabisa duniani, na umejengwa ukingoni kabisa mwa Msikiti. Kwa hiyo huonekana kutoka mitaa mingi ya Makka, ya karibu na ya mbali. Kuuona kutoka dirishani hakukuambii kwamba uko karibu nao, kama vile kuliona bonde la Ruvuma kutoka Shimo la Mungu hakukuambii kwamba umefika mtoni.

Tulifika usiku. Tukapumzika kidogo, kisha tukateremka kwenda kutekeleza Umra yetu. Nasema tukateremka, kwa sababu hoteli yetu ilikuwa mlimani. Makka ni mji wa mabonde na majabali. Msikiti uko chini, na mitaa mingi imeparamia vilima pande zote. Kwenda zilikuwa kweli kama dakika kumi na tano. Mama alitembea akiwa ameshika mkono wangu, akiitikia talbiya kwa sauti ndogo, na alipoiona Al-Kaaba alisimama akalia, nasi tukalia pamoja naye. Tukatufu. Kisha tukaenda kusai baina ya Safa na Marwa, mara saba, mwendo ambao ukijumlishwa wote hukaribia kilomita tatu na ushei. Mama alikataa kiti cha magurudumu. Alisema Bibi Hajar hakuwa na kiti, na kwamba yeye mwenyewe, kati ya wote tuliokuwapo, anajua ni nini mwanamke kukimbilia maji kwa ajili ya mtoto. Tukamwacha. Alikamilisha.

Balaa lilikuja wakati wa kurudi. Magoti yake yalikuwa yamekwisha, na njia yote ilikuwa ya kupanda. Tulipanda hatua ishirini, tukapumzika. Tukapanda tena hatua kumi, tukapumzika. Basi dogo la hoteli, tuliloambiwa lipo, halikuwa likifanya kazi saa zile. Karibu na hoteli palikuwa na ngazi za zege, na hapo Mama aliketi chini, akavua kandambili zake na kusema: "Mwanangu, niacheni hapa kwanza." Kaka yangu alimbeba mgongoni hatua zilizobaki.

Alfajiri hiyo Mama alisali chumbani. Adhuhuri akasali chumbani, na Alasiri vilevile. Nilimweleza nilichowahi kukisikia, kwamba wako wanazuoni wasemao kuwa fadhila za kuzidishiwa thawabu zinaenea katika eneo lote tukufu la Makka, ingawa wengine wanazihusisha na Msikiti wenyewe. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema maneno ambayo hadi leo yananichoma: "Sijabishana na wanazuoni, mwanangu. Lakini kusali chumbani nilikuwa nasali hata Newala. Mimi nilikuja kuiona Nyumba."

Tukafanya shauri la kuhama. Kaka yangu aliulizia hoteli mbili za jirani na Msikiti, akarudi na bei. Tungeweza kuilipa, lakini fungu la mabati na tenki lingekwenda lote. Mama alikataa katakata. "Fedha ya maji hailali hotelini," akasema. Kisha akanyamaza kwa muda, na aliponyanyua kichwa, alizungumza kama mtu anayepanga safari ya bondeni. Akauliza: "Nani aliyekwenda kuteka maji akarudi na kata moja? Tulikuwa tunakwenda mara moja, tunarudi na mtungi umejaa. Sasa ninyi mnataka nipande na kuteremka mara tano kwa siku, kila sala kata moja. Tuteremke mara moja, tujaze mtungi."

Na ndivyo tulivyofanya kwa siku zote zilizobaki. Asubuhi Mama alipumzika. Baada ya Adhuhuri tuliteremka polepole, tukiwa na tende, kanga ya kukalia na chupa ya maji ya Zamzam tuliyoijaza palepale Msikitini. Tulikaa kuanzia Alasiri mpaka baada ya Isha, tukisoma, tukiitazama Al-Kaaba, tukizungumza kwa ishara na akina mama wa Indonesia na Nigeria. Baada ya Isha hatukukimbilia mlangoni pamoja na umati. Tuliketi mpaka njia ikawa wazi na teksi zikapatikana, maana kusubiri kulikuwa nafuu kuliko kusukumana. Usiku mmoja mmoja, Mama alipojisikia na nguvu, tulishuka saa nane za usiku na kukaa mpaka jua lilipochomoza. Tawafu zake za sunna alizifanya ghorofa ya juu kwa kiti cha magurudumu, kaka yangu akisukuma. Safari hii alikubali. Wasimamizi wa Msikiti huazimisha viti vya kawaida bila malipo, na vipo pia vigari vya umeme vya kukodi.

Mtungi ulijaa, Alhamdulillah. Lakini ilikuwa ni hekima ya mama iliyoziba pengo la uzembe wa binti. Na jambo moja nalikiri hapa mbele ya wasomaji. Siku ya mwisho, nilipokuwa nikifunga mizigo, nilipiga hesabu ya zawadi nilizonunua: mazulia ya kusalia, manukato, tasbihi, tende. Jumla yake haikuwa mbali na tofauti ya bei baina ya hoteli ile ya karibu na yetu, kwa kitanda kimoja cha Mama. Nilikuwa nimenunua mazulia ya kusalia kwa fedha ambayo ingemsogeza mama yangu karibu na mahali pa kusalia.

Sisemi kwamba kila familia ikope ili ilale chini ya mnara wa saa. La. Wengi wetu, wakulima wa korosho na ufuta, walimu na wachuuzi, tutaendelea kufikia mbali, na ibada zetu zitakubaliwa, Inshaallah. Ninachosema ni kwamba aliyechagua mbali kwa kujua hafanani na aliyepelekwa mbali kwa kutojua. Wazee wa uwandani walikaa mbali na maji, lakini hakuna aliyewadanganya kwamba kisima kiko mlangoni. Basi kabla hujalipa, uliza.

Kwanza, dai jina la hoteli na mtaa wake kwa maandishi. Neno "karibu" si anwani. Nyota nazo hueleza vitanda na huduma, hazielezi hatua. Majina ya mitaa ya Makka yenyewe yana habari. Misfala, upande wa kusini wa Msikiti, maana yake ni sehemu ya chini, na wageni wengi wa kipato cha kawaida hufikia huko. Maala, upande wa pili, yalipo makaburi alipozikwa Bibi Khadija, Mwenyezi Mungu amridhie, maana yake ni sehemu ya juu. Ajyad iko ubavuni mwa Msikiti, lakini baadhi ya barabara zake hupanda sana. Aziziya iko kilomita kadhaa kwa upande wa kuelekea Mina. Kwa Hija ina faida yake, na kwa Umra ina maana ya kutegemea gari kila siku.

Pili, uliza mwinuko pamoja na umbali. Ramani ya simu huhesabu mita, wala haikuambii magoti yatasema nini. Tena uliza umbali huo unaishia wapi. Msikiti ni mkubwa mno, na kutoka ukingo wa uwanja wa nje mpaka uione Al-Kaaba huwa ni safari nyingine.

Tatu, kama kuna basi la hoteli, uliza saa zake. Je, lipo wakati wa Alfajiri? Je, lipo usiku? Siku ya Ijumaa, na katika Ramadhani, barabara za karibu na Msikiti hufungwa kwa magari kabla ya sala, na anayetegemea basi hulazimika kutoka mapema sana au kutembea.

Nne, uliza mtalala wangapi chumbani na lifti ni ngapi. Hoteli ya ghorofa nyingi yenye lifti chache inaweza kukuchelewesha sala ukiwa bado ndani ya jengo, kwa kuwa wote huteremka kwa wakati mmoja. Mwenye mgonjwa au mzee aombe chumba cha ghorofa za chini.

Tano, familia haina lazima ya kulala bei moja. Vijana wanaweza kufikia mbali, na mzee pamoja na mmoja wa kumhudumia wakafikia karibu, hata kama ni kwa siku chache tu. Madina ni nyepesi zaidi kwa miguu, kwa sababu mazingira ya Msikiti wa Mtume, rehema na amani zimshukie, ni tambarare. Anayetaka kubana matumizi abane huko, atumie Makka.

Na kuna swali lililo zito kuliko yote: je, safari yenyewe ni ya kibali? Katika Hija ya mwaka 2024 joto la Makka lilivuka nyuzi 51, na watu zaidi ya 1,300 walifariki. Serikali ya Saudi Arabia ilieleza kuwa wengi wao, zaidi ya wanane katika kila kumi, hawakuwa na kibali cha Hija. Asiye na kibali hana hema lenye ubaridi, hana basi lililopangwa, hana mahali panapotambulika pa kufikia. Hutembea juani masafa marefu, na wengi wa aina hiyo hawakukusudia uvunjaji wa sheria. Waliuziwa safari kwa bei nafuu wakaambiwa kila kitu kiko sawa. Urahisi wa bei, usipoulizwa umetoka wapi, unaweza kulipwa kwa roho. Tunawaombea waliotangulia rehema za Mola wao.

Tulirudi Newala wakati mvua zingali zinanyesha. Mabati mapya yaliezekwa, tenki likawekwa, na maji ya mawingu yakaanza kushuka kwa mlio mzuri nyumbani kwa mwanamke aliyeyateremkia bondeni utoto wake wote. Majirani walikuja kumpongeza, wakanywa mafunda ya Zamzam, na mmoja wao, ambaye anajiandaa kwenda mwakani, akauliza swali ambalo kila mtarajiwa huuliza: "Bibi, ninyi mlifikia wapi?"

Mama alinitazama kwa upande, nami nikainamisha uso. Akamjibu: "Sisi tulifikia Msikitini. Hotelini tulikuwa tunakwenda kulala tu." Kisha akamvuta karibu na kumwambia kwa sauti ya chini, lakini nikasikia: "Ila wewe, muulize mwanao, kule kuna mlima?"

Mwenyezi Mungu awajaalie wasomaji wote wa ukurasa huu kuifikia Nyumba Yake Tukufu, wao na wazazi wao wangali hai. Na kwa kila kijana aliyepewa jukumu la kuchagua, nasaha yangu ni hii: usichague kwa macho yako. Chagua kwa miguu ya mzazi wako.